Alama Kumi na Mbili: Uhakiki wa Karatasi Yangu Mwenyewe

Wasomaji wapenzi wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba ruhusa nihakiki matini fupi kuliko zote nilizowahi kushughulikia: karatasi ya ukurasa mmoja, yenye sentensi kumi na nne, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kugawiwa wanafunzi wetu wanaokuja kucheza briji Jumamosi alasiri. Mwandishi wake ni mimi. Sikusudii kumwonea huruma.

Sentensi yenye lawama ni ya nne. Inasema: "Hesabu alama zako, ukiwa na 12 au zaidi, fungua, ukiwa na chini ya 12, pisha." Nilipoiandika niliiona sentensi safi. Ina mizani, haina neno la ziada, na mwanafunzi huikariri kwa dakika moja. Nilijipongeza hata kwa ile mikato. Ubaya wake niliuona Jumamosi moja ya muhula huu, na kabla ya kueleza nilichokiona, hapana budi niwaeleze kidogo mchezo wenyewe wale ambao karata yao ni matatu tu.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili wawili, wenzi wakikaa kutazamana. Karata 52 hugawiwa zote, kila mtu 13. Uchezaji wenyewe ni mwepisi kuelewa: kila mmoja hutupa karata moja, aliye na kubwa hula, na huo ni mzunguko mmoja kati ya 13. Aina moja ya karata huweza kuwa turufu, ikala aina nyingine zote. Ugumu uko mwanzoni, kwenye mnada. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, wachezaji hunadi: kila upande hutaja ni mizunguko mingapi utakula, na kwa turufu ipi au bila turufu. Atakayepanda dau juu kuliko wengine amefunga mkataba na sharti autimize. Mchezo kwa sura hii ya mkataba ulipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa melini kutoka Los Angeles kwenda Havana kwa njia ya Mfereji wa Panama. Mtu wa kwanza kutaja dau badala ya kupisha ndiye "aliyefungua", na swali la lini mkono unastahili kufunguliwa ndilo swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa briji huuliza. Ndilo sentensi yangu ya nne ilidai kulijibu.

Majina ya karata ninayotumia ni yale ya pwani, ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pao. Vijana wetu hapa huita pao "maua", nami sigombani nao. Karata kubwa ni ree, kisha mfalme, malkia na ghulamu.

Sasa tukio. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye aliyegawa, kwa hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Aliangalia karata zake kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayejumlisha, kisha akasema, "Napisha." Aliyemfuata akapisha. Mwenzi wake akapisha. Wa nne akapisha. Wote wanne wakipisha hakuna kinachochezwa. Karata hukusanywa zikagawiwa upya. Nikawaomba wasizichanganye kwanza, wazilaze mezani wazi. Binti yule alikuwa na hizi:

Shupaza: ree, mfalme, 9, 8, 6
Kopa: ree, 10, 9, 7, 5
Uru: 4, 2
Pao: 3

Nilimwuliza kwa nini hakufungua. Akaniangalia kama mtu aliyeitwa ofisini bila kosa. "Mwalimu, ni kumi na moja. Karatasi inasema kumi na mbili."

Alisema kweli. Hesabu tuliyowafundisha ni hii: ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Ree mbili na mfalme mmoja ni 11. Mwenzi wake alikuwa na malkia, 7 na 3 za shupaza. Mfalme, 6 na 4 za kopa. Ree, 8, 5 na 3 za uru. Na 8, 6 na 4 za pao. Hizo ni pointi 9. Wapinzani walikuwa na 10 kila mmoja. Kumi na moja, tisa, kumi na kumi: pointi 40 za pakiti nzima zimehesabiwa bila kosa, na watu wanne wametii karatasi bila kosa.

Tukazicheza karata zile zikiwa wazi, shupaza ikiwa turufu. Ikiwa shupaza tano na kopa tano za wapinzani zitagawanyika tatu kwa mbili, na ndivyo zilivyokuwa siku hiyo, upande wa binti huyu unapoteza kopa moja, uru moja na pao moja, basi. Unakula mizunguko 10 kati ya 13. Huo ni mkataba wa Shupaza 4, mkataba wenye zawadi ya mchezo kamili, ambao vitabu huagiza wenzi wawe na pointi 26 kwa jumla ndipo waulenge. Wao walikuwa na 20. Kama angefungua kwa Shupaza 1, mwenzi wake angejibu Shupaza 2, naye kwa kusikia kwamba shupaza zinaungwa mkono angepanda hadi 4. Badala yake tulikusanya karata.

Kosa ni la nani? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia kwa wachezaji wengi, ni kwamba kosa ni la pointi zenyewe: 4-3-2-1 ni kipimo cha kitoto. Jibu hilo si la haki, na nililazimika kurudi kwenye chanzo ili nilione hivyo. Hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza hasa, kwa sababu kilichotokea ni jambo ambalo sisi wa idara ya lugha tulipaswa kulijua kuliko watu wote. Nilisoma muhtasari nikadhani nimesoma kitabu.

Hesabu ya 4-3-2-1 ilichapishwa na Bryant McCampbell mwaka 1915, ikaenezwa na Milton Work wa Philadelphia, ambaye jina lake limebaki nayo. Lakini miaka ya 1930 dunia ya briji haikuwa ikihesabu pointi. Ilikuwa ikimfuata Ely Culbertson, aliyehesabu karata kubwa kwa mizunguko zinayotarajiwa kula: ree na mfalme wa aina moja ni 2, ree peke yake ni 1, na mtu alihitaji kama 2½ ili afungue. Culbertson alikuwa mtu wa mbwembwe. Pambano lake na Sidney Lenz huko New York, lililoanza Desemba 1931 na kumalizika Januari 1932, lilifuatiliwa na magazeti kama pambano la ndondi, naye akashinda. Pointi zilirudi kwa nguvu baada ya Charles Goren kutoa kitabu chake cha kunadi kwa pointi mwaka 1949. Goren alikuwa mwanasheria, na aliwahi kuwa msaidizi wa Work. Alijua kwamba watu hawapendi sehemu na nusu. Wanapenda namba nzima wanazoweza kuzijumlisha huku wanakunywa chai. Alifanikiwa kiasi kwamba jarida la Time lilimweka kwenye jalada lake Septemba 1958.

Basi Goren alisema nini? Hakusema "12, fungua." Alisema uhesabu karata kubwa, kisha uongeze pointi za umbo la mkono: 3 kwa aina usiyo nayo kabisa, 2 kwa aina uliyo na karata moja tu, 1 kwa aina uliyo na mbili. Sehemu hii ya umbo aliipata kwa msaada wa William Anderson wa Toronto, mtaalamu wa hesabu za bima. Alisema pia upunguze pointi 1 mkono usipokuwa na ree hata moja. Halafu akasema mkono wa 14 ni lazima ufunguliwe, na mkono wa 13 waweza kufunguliwa ukiwa na karata za kula haraka na tamko zuri la kufuatia.

Tumpelekee Goren mkono wa mwanafunzi wetu. Pointi 11, ongeza 1 kwa uru mbili, ongeza 2 kwa pao moja: 14. Lazima ufunguliwe. Tumpelekee na mkono mwingine, huu wa kubuni:

Shupaza: malkia, ghulamu, 5
Kopa: mfalme, ghulamu, 4
Uru: malkia, 8, 6, 2
Pao: malkia, ghulamu, 3

Karatasi yangu inahesabu 12 na kuamuru: fungua. Goren anahesabu 12, haoni umbo lolote la kuongezea, anaona hakuna ree, anapunguza 1, anabaki na 11 na kupisha. Na mchezaji yeyote mwenye uzoefu atakuambia huu ni mkono wa takataka: karata zenye sura nzuri ambazo hazili kitu mpaka wakubwa wao wapite. Kwa hiyo katika mikono yote miwili mzee wa mwaka 1949 alisema kweli, na karatasi yangu, iliyodai kumfuata, ilisema kinyume chake.

Niliangusha mambo mawili njiani. La kwanza ni umbo, na hilo ni kosa la uvivu tu. La pili ni la kisarufi, nalo linaniuma zaidi. Goren alitofautisha lazima na hiari. Alikuwa na "sharti ufungue" na alikuwa na "waweza kufungua", na baina ya hizo mbili aliacha chumba ambamo mchezaji anaketi na kufikiri. Mimi niliandika "fungua" na "pisha": vitenzi viwili katika hali ya amri, bila "waweza" hata moja katika karatasi nzima. Kiswahili hakikuninyima njia. Kina "ni vyema", kina "yafaa", kina "huweza", kina "aghalabu". Tunatumia muhula mzima kuwafundisha wanafunzi tofauti za dhamira katika kitenzi, kisha nikaandika maagizo kama bango la getini.

Lipo na neno "alama". Kwa nini nililichagua badala ya "pointi"? Kwa usafi wa lugha, nilijiambia. Nilidhani nafanya jambo la busara, kwa kuwa alama pia ni ishara, dalili ya kitu, na pointi za briji ni dalili tu za nguvu ya mkono. Sikukumbuka nazungumza na nani. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaposikia "alama 12" hafikirii ishara hata kidogo; anafikiria mtihani. Kumi na mbili ni kufaulu, kumi na moja ni kufeli. Binti yule hakuwa na haya ya kupisha mkono wenye ree mbili, kwa kuwa alama zilikuwa zimeshatoa hukumu. Nimerudi kwenye "pointi", pamoja na ukopo wake. Wanaotunga istilahi wanaweza kunisahihisha, lakini naona hapa neno la mkopo lisilo na historia ya darasani linafanya kazi vizuri kuliko neno letu lililojaa mitihani.

Na historia yao ya karata iliwasukuma palepale. Katika matatu, mchezo ukikatwa, karata zilizobaki mikononi huhesabiwa, na hesabu ndiyo hukumu. Kuna mchezo wa Unguja na pwani uitwao wahedusitini, na jina lake lenyewe ni namba: sitini na moja kwa Kiarabu. Hata Pitch, mchezo wa Kimarekani ulio wa zamani kuliko briji ya mkataba, una hizo 4, 3, 2 na 1 ndani ya kanuni zake za ushindi. Katika michezo hiyo pointi ni mali. Katika briji hakuna anayelipwa senti kwa pointi hizi mwisho wa mchezo. Kinacholipwa ni mizunguko. Pointi ni ubashiri wa mizunguko, kama mkulima anavyoangalia mawingu. Tofauti hii nilipaswa kuiweka katika sentensi ya kwanza ya karatasi. Haimo hata katika ya kumi na nne.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani dawa ni rahisi: rudisha umbo, rudisha "waweza", tumalize. Ndivyo nilivyodhani mimi pia, kwa muda wa wiki mbili. Nilichokoroga tena ni mkono huu:

Shupaza: 9, 8, 6, 4, 2
Kopa: 10, 9, 7, 5, 3
Uru: ree, mfalme
Pao: ree

Ulinganishe na mkono wa mwanafunzi. Umbo ni lilelile: tano, tano, mbili, moja. Karata kubwa ni zilezile: ree mbili na mfalme mmoja, na mfalme yuko pamoja na ree katika mikono yote miwili. Kilichohama ni makazi yao. Kwa binti wamekaa katika aina ndefu. Hapa wamekaa katika aina fupi. Sasa tuitishe vipimo vyote. Kwa 4-3-2-1 tupu, mikono yote miwili ni 11. Kwa Goren, yote ni 14. Kwa kanuni ya ishirini ya Marty Bergen, inayotaka ujumlishe pointi na urefu wa aina zako mbili ndefu, ufungue ukifika 20, yote ni 21. Kwa Culbertson, yote ni 3. Kwa hesabu ya mizunguko ya kupotea, ambayo F. Dudley Courtenay aliieneza mwaka 1934 na ambayo huangalia ree, mfalme na malkia wanaokosekana katika kila aina, yote ni 6. Rafiki yangu wa idara ya hisabati, ambaye hucheza nasi, alikaa na kalamu akiamini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Vipimo vitano vya enzi tofauti, na vyote havioni chochote.

Jicho linaona. Chukua mwenzi yuleyule mwenye malkia, 7 na 3 za shupaza. Mbele ya ree, mfalme, 9, 8, 6, malkia huyo ni hazina: wapinzani wana ghulamu, 10, 5, 4 na 2, zikigawanyika tatu kwa mbili, jambo linalotokea takribani mara 68 kati ya 100, shupaza zote tano zinakula. Mbele ya 9, 8, 6, 4, 2, malkia yuleyule anakabiliana na ree, mfalme na ghulamu walio mikononi mwa adui, nanyi mnapoteza mizunguko miwili au mitatu ya turufu yenu wenyewe. Aina ndefu inahitaji mkubwa wa kuiongoza. Ree iliyokaa peke yake kwenye pao inakula mara moja, kisha haina mdogo wa kumwinua.

Wapo waliojaribu kulitia jambo hili katika hesabu. Edgar Kaplan na Jeff Rubens wa jarida la The Bridge World walitoa mwaka 1982 kipimo kinachozidisha urefu wa aina kwa nguvu ya karata zilizo ndani yake, hivyo kinaitofautisha mikono yetu miwili vizuri. Lakini kina desimali na masharti mengi. Kompyuta inakipenda, mtu mwenye karata 13 mkononi na watu watatu wanaomsubiri hakiwezi.

Hapo nilikaribia kuichana karatasi na kuwaambia wanafunzi "tumieni akili". Nashukuru sikufanya hivyo, na aliyenizuia ni yule rafiki wa hisabati kwa swali moja: "Na mwenzi wako atajuaje akili yako imesema nini?"

Swali hili ni la watu wa lugha, na niliona aibu kulisikia kutoka idara nyingine. Mnada wa briji ni lugha. Ina matamko 38 tu: madau 35, yaani ngazi saba kwa aina nne na bila turufu, kisha kupisha, kuongeza maradufu na kuongeza maradufu tena. Kwa msamiati huo mdogo watu wawili wanapaswa kuelezana mikono ambayo idadi yake inayowezekana ni 635,013,559,600. Hakuna kiimbo, kukunja uso, kusita kwa makusudi au kubadili sauti ili kumdokeza mwenzi ni kosa kwa sheria, na mashindanoni watu hutumia visanduku vya kadi zenye matamko ili sauti isisikike kabisa. Wala hairuhusiwi kuwa na maana ya siri: makubaliano maalumu ya wenzi sharti wapinzani wayajue. Sijui lugha nyingine ambayo mshindani wako ana haki ya kuomba fasili ya neno lako, na mwenzi wako analazimika kuitoa.

Katika lugha ya namna hiyo, "Shupaza 1" ni ahadi kwa mtu wa upande wa pili wa meza, na kwa kuwa haoni karata zangu, anachoweza kushika ni kile tulichokubaliana kwamba tamko hilo hubeba. Mimi nikifungua leo kwa 11 kwa sababu jicho langu limependa, kesho kwa 15, mwenzi wangu hatajua lini apande na lini asimame. Pointi zina ubora huu ambao wakosoaji wake huusahau: watu wawili wasiofahamiana, mmoja amejifunza Kampala na mwingine Dar es Salaam, wanaweza kukaa pamoja na kuelewana baada ya dakika tano, kwa sababu kumi na mbili ya huyu ni kumi na mbili ya yule. Kama kipimo cha nguvu, 4-3-2-1 ni kibovu: hudharau ree, huwatukuza malkia na ghulamu, hufaa zaidi pale mnapocheza bila turufu. Kama lugha ya pamoja, sijaona bora.

Hivyo nilipoiandika upya karatasi niligawa kazi mbili ambazo sentensi ya nne ilizichanganya. Kwanza, ahadi: tamko la kufungua kwa ngazi ya kwanza humwahidi mwenzi mkono wa takribani pointi 12 au zaidi, umbo likiwa limehesabiwa. Hapo namba imebaki, kwa kuwa mwenzi anaihitaji. Pili, ukadiriaji: ukiwa mpakani, yaani baina ya 10 na 13, pointi zimeshamaliza kazi yao, tazama mkono. Nimeandika "tazama" na kulitilia mkazo. Karata kubwa zimekaa wapi, katika aina ndefu au fupi? Ni ree na wafalme, au ni malkia na ghulamu? Ziko 10 na 9 za kuwaunga mkono? Ukifungua, unalo la kusema mwenzi atakapojibu? Vitenzi vya sehemu hii vyote ni "yafaa" na "waweza". Kiti ulichokaa nimekigusa kwa mstari mmoja tu, kwamba ukiwa wa nne na wote wamepisha, urefu wa shupaza ni jambo kubwa kwani ndiyo aina ya juu. Mengine watayajua wakishapigwa mara kadhaa.

Karatasi sasa ina sentensi ishirini na sita, na rafiki yangu anasema nimeiharibu. Hoja yake si ndogo. Mgeni wa mchezo, anasema, akipewa "yafaa" nyingi hataweza kufungua kinywa. Mpe 12 kwanza, aje kuasi baadaye. Nakubali kwamba katika wiki ya kwanza hana budi kupewa. Ninachokataa ni kumpa amri isiyo na dalili yoyote kwamba kuna siku itavunjwa, kwa kuwa wengi hubaki nayo miaka ishirini. Nimekutana nao. Huhesabu hata pointi za mkono wenye shupaza nane.

Nilimpa binti yule karatasi mpya kabla ya wengine, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha nikamwonyesha ule mkono wa tatu, wenye ree na mfalme wa uru na ree pweke ya pao, nikamwuliza angefanya nini. Nilitarajia aseme anapisha, kama ninavyosema mimi.

"Ningefungua, Mwalimu."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema ana ree mbili na mfalme ambazo hakuna wa kumnyang'anya. Akipisha, mwenzi wake hatakisia kamwe kwamba anazo. Na aina mbili za tano tano ni nafasi mbili za kumkuta mwenzi akiwa na nne. Nikamweleza habari ya malkia, 7 na 3. Akaniuliza kwa nini nimemchagua mwenzi mwenye malkia tu, nisimchague mwenye mfalme, malkia na ghulamu za kopa. Tuliweka karata mezani tukaanza kuhesabu wenzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlinzi alipokuja na funguo zake. Tulikuwa tumefika wa kumi na tisa. Kwa wenzi kumi alikuwa sahihi yeye, kwa wanane nilikuwa sahihi mimi, na mmoja bado tunabishana.